Usukani Mpya wa Mashua ya Ujiji

Wasomaji wetu wa Kalemie, Moba na Uvira hawahitaji kuelezwa Ziwa Tanganyika ni nini. Lakini wale wa Lubumbashi, Kongolo na Kindu, ambao wengi wao hawajaliona, na wajue kwamba ndilo refu kupita maziwa yote ya maji yasiyo na chumvi duniani. Toka kusini hata kaskazini ni kilomita 673, na kina chake chafika meta 1,470. Upana wake si wa kutisha. Siku ya hewa safi, mtu aliyesimama ng'ambo moja huiona milima ya ng'ambo ya pili, buluu na mbali, na kwa sababu hiyo wageni hudhani kwamba kuvuka ni kazi ya mchana mmoja, tena kazi nyepesi.

Wenyeji hawadhani hivyo. Toka Mei hata Agosti hivi upepo wa kusini, ambao Waswahili wa pwani huuita kusi, huvuma kwa kufuata urefu wa ziwa, wala hapana kisiwa kikubwa cha kuuzuia. Mawimbi huanza madogo huko chini, nayo huzidi kukua kadiri yanavyokwenda kaskazini. Chombo kinachoelekea kaskazini huyapata mgongoni. Mgeni huogopa wimbi lijalo mbele, kwa kuwa analiona. Mvuvi wa Tanganyika huogopa zaidi lile la nyuma. Na hata nje ya majira hayo ziwa si rafiki wa kuaminiwa: Desemba 2014 meli iitwayo Mutambala ilipinduka upande wa Kongo, na watu zaidi ya mia wakafa. Kando ya ziwa utakuta wengi ambao bado wanawataja.

Sisi tulitoka Kalemie kwa chombo cha mizigo, tukasafiri usiku kucha, mwendo wa kilomita kama 125 hivi, na kulipopambazuka tukauona mji wa Kigoma pamoja na stesheni yake kubwa. Reli itokayo Dar es Salaam ilifika hapo mwaka 1914. Kutoka Kigoma tukaenda Ujiji, ambako ni karibu. Wageni wengi huenda Ujiji kwa ajili ya jambo moja tu: kupaona mahali chini ya mwembe ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Wakiisha kupiga picha, hugeuka na kurudi. Kwa maoni yetu wanaliacha lililo bora, maana ufukoni, mwendo mfupi wa miguu kutoka hapo, kuna mafundi wa vyombo.

Usistaajabu kusikia kwamba mafundi hao, walio mbali sana na bahari, hutumia maneno ya bahari. Mbele ya chombo ni omo, nyuma ni shetri. Boriti la chini lililobeba mbavu zote ni mkuku. Mti unaolibeba tanga ni foromali. Kamba ya kulivuta tanga ni demani. Maneno hayo yalisafiri kwa miguu kutoka pwani pamoja na misafara, na mengine yalikwisha safari kabla ya kufika pwani: usukani ni neno la Kiarabu, sukkan, lililovikwa nguo ya Kiswahili. Leo kijana wa mjini akisikia "usukani" hufikiri gurudumu la kuongozea lori, lile ambalo madereva wetu wa Lubumbashi huliita volani. Lakini neno lilikuwa majini kwa karne nyingi kabla ya motokaa ya kwanza.

Vyombo vya tanga vyenyewe havikuwa vingi hapa zamani. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, walisikia habari za jahazi moja tu, mali ya Mwarabu Hamed bin Sulayyim, aliyekaa kisiwa cha Kasenge, upande wetu wa magharibi. Speke alivuka kwa mtumbwi ili kulikodi, akarudi mikono mitupu. Mwezi wa Aprili wakaenda wote wawili mpaka Uvira kwa mitumbwi ya kupigwa makafi. Cameron, mwaka 1874, alipata mashua mbili akaziita Betsy na Pickle, akalizunguka ziwa upande wa kusini, na mwezi wa Mei akaufikia mto Lukuga, utokao ziwani hapo penye Kalemie ya leo. Miaka minne baadaye alikuja Edward Hore, baharia aliyetumwa pamoja na wamisionari wa London, naye akasafiri katika mashua iliyoitwa Calabash. Huyo alikuwa mtu wa bahari hasa, na katika kazi yake yote ziwani jambo lililomshughulisha ni hilo hilo tulilolikuta sisi: chombo kitamtii nani, mtu au upepo?

Maana mtumbwi huongozwa kwa kafi. Mtu mmoja huketi nyuma kabisa, hulitia kafi lake majini, na kwa kuligeuza kidogo hugeuza mtumbwi wote. Hatuidharau njia hiyo. Mtumbwi ni mwembamba, hauna tanga kubwa la kubishana na mwongozaji, na mikono yenye ujuzi hutosha. Shida huanza mtu anapojenga mashua pana ya mbao, akaisimamishia mlingoti, akaitia tanga, kisha nyuma akabaki na kafi lile lile, ila limerefushwa na kufungwa kwa kamba. Hapo nguvu imeongezwa mbele, na nyuma haikuongezwa kitu.

Mashua tuliyoikuta juu ya magogo ufukoni mwa Ujiji ilikuwa ya namna hiyo. Urefu wake meta 7, tanga moja la pembe tatu. Mwenyewe ni mtu wa rasi ya Ubwari, upande wa Fizi, ambaye huleta mawese na ndagala zilizokauka (watu wa Kigoma huziita dagaa), na hurudi kwao na chumvi ya Uvinza, sabuni na vitambaa. Tulipomwuliza kwa nini mashua yake imeinuliwa, na hali haina tundu, alitusimulia habari hii.

Mwezi wa Julai wa mwaka uliotangulia alikuwa akirudi kwao pamoja na mdogo wake. Walitoka Ujiji jioni, upepo ukiwa nyuma yao, mzuri, wa kuwafurahisha. Usiku wa manane ukazidi. Kila wimbi lilipopita chini, shetri iliinuka, na kafi la kuongozea likatoka majini; kwa muda huo mashua haikuwa na mwongozo wowote. Kisha shetri ikaanguka kwa kishindo. Mara ya tatu au ya nne mpini wa kafi ukakatika pale pale ulipofungwa kamba. Mashua ikageuka, ikawapa mawimbi ubavu wake. Mdogo wake akatupwa nje. Alichokishika ni demani, iliyokuwa ikiburuzika majini, na kwa kamba hiyo akavutwa tena ndani. Wakalishusha tanga, wakaongoza kwa ubao wa kukalia mpaka kulipopambazuka. Magunia ya chumvi yalikuwa yamebaki magunia tu.

"Mama yetu hakulia," alisema. "Aliniambia neno moja: Mwanangu, usimchukue tena mdogo wako mpaka chombo chako kiwe na akili."

Basi akauza mbuzi, akavuka kwa chombo cha watu wengine kumtafuta fundi, kisha akaileta mashua wakati wa maji matulivu.

Fundi alikuwa mzee mwenye maneno machache. Tulimsalimu, "Shikamoo, mzee," akaitikia "Marahaba" bila kuinua macho yake kutoka shetri. Alikuwa ameshika uzi. Ncha moja aliifunga juu, nyingine chini penye mkuku, akautazama uzi kwa jicho moja. Mbao za nyuma zilikuwa zimepinda, uzi ukasimama peke yake, mbali na mti kwa upana wa viganja viwili. Wanafunzi wake hawakuelewa, nasi pia tulihitaji kuelezwa. Akasema usukani ni mlango. Mlango una bawaba mbili, na bawaba hizo zisipokuwa katika mstari mmoja ulionyooka, mlango hukaza, hulia, na mwisho huvunja kitasa na mwimo pamoja. Kwa hiyo kazi ya siku ya kwanza na ya pili haikuwa usukani hata kidogo. Ilikuwa kuchonga kipande cha mti, ambacho mafundi hukiita fashini, na kukikaza kwenye shetri kwa boliti zilizopenya mpaka ndani, hata mgongo wa mashua ukanyooka kama uzi. Hapa ndipo mafundi wengi wenye haraka huharibu kazi. Huona ubao wa usukani ni jambo kubwa kwa kuwa unaonekana, wasijali kile kinachoubeba.

Kwa usukani wenyewe alichagua mninga. Mti huo ukiisha kukauka hauchezi sana kwa maji na jua, haupanuki leo na kusinyaa kesho. Mbao tatu, unene wa sentimita 4, ziliunganishwa kwa vyuma vilivyopitishwa ubavuni. Upana wa chini sentimita 50, na juu ya maji ukapunguzwa kidogo kidogo mpaka 20. Hakuandika hesabu, lakini tulipopima tuliona amekaribia kipimo ambacho mafundi wa vyombo vidogo hukifuata mahali pengi, yaani usukani uwe kama sehemu moja ya kumi ya ubavu wa chombo ulio ndani ya maji, au pungufu kidogo. Ukiwa mdogo mno, chombo hakisikii. Ukiwa mkubwa mno, huchosha mkono na kuvuta maji nyuma yake kama mkia uliolowa.

Kisha ilikuja kazi iliyotupendeza kuliko zote. Kwa randa, fundi aliviringisha ukingo wa mbele wa ubao, na ule wa nyuma akauondoa unene taratibu mpaka ukawa mwembamba. Mwenye mashua alinung'unika: kwa nini kuupunguza mti mzuri? Fundi akamwita pembeni, akamwonyesha mgebuka uliokuwa katika kikapu cha mwanamke mmoja. "Mtazame, mwanangu. Mnene mbele, mwembamba nyuma. Nani aliyempiga randa?" Ubao wenye ukingo mnene nyuma huyavuruga maji, maji yaliyovurugika hutetemeka, na mtetemo huo hupanda mpaka mkononi, hulegeza misumari usiku na mchana.

Bawaba zilitoka kwa mhunzi wa Kigoma. Zilikuwa jozi mbili: matundu ya chuma yakakazwa kwenye mashua, na pini zake kwenye usukani. Tuliona kwamba pini ya chini ni ndefu kuliko ya juu kwa vidole viwili, tukadhani mhunzi amekosea. La, ndivyo alivyoagizwa. Anayeurudisha usukani mahali pake, chombo kikiyumba, hawezi kuliona tundu lililo ndani ya maji. Hutafuta kwa kupapasa. Pini ndefu ya chini huingia kwanza, na ikiisha kuingia ile ya juu huiona kwa macho. Kama zingekuwa sawa, angelazimika kuzilenga zote mbili kwa pamoja, jambo ambalo usiku halifanyiki. Juu ya bawaba ya juu akaweka komeo dogo la chuma, kwa kuwa usukani wa mti huelea, na wimbi lililo chini yake laweza kuunyanyua na kuuondoa bila mtu kujua. Na ncha ya chini ya ubao haikupita mkuku, maana ziwani vyombo huvutwa mchangani kila siku, na kinachotangulia kugusa mchanga ndicho kitakachovunjika.

Ugomvi mmoja tu ulitokea, juu ya kana, yaani mti ule ambao mwongozaji huushika. Mwenye mashua alikuwa ameviona vyombo vyenye gurudumu na nyaya, naye akatamani hivyo. Fedha alikuwa nazo, japo chache. Fundi akakataa katakata. Nyaya hulegea, alisema, hupita mahali pasipoonekana, na siku zitakapokatika huwezi kuzifikia. Tena gurudumu halikuambii neno. Kana hukuambia. Maji yakisukuma, unasikia. Chombo kikitaka kugeuka, unajua kabla hakijageuka. Kwa merikebu kubwa gurudumu ni lazima, kwa kuwa nguvu ya mtu haitoshi. Kwa mashua ya meta 7 twaona mzee alisema kweli, na pesa iliyobaki ilinunua kamba mpya na turubai. Kana ilichongwa urefu wa meta moja na robo, ikaingizwa katika kichwa cha usukani, na kichwa hicho kikavishwa pete ya chuma kisipasuke.

Jioni ile, tukila ugali na migebuka, tuliwasimulia habari ya mashua iliyoitwa Suhaili, jina la Kiarabu la nyota ya kusini. Ilijengwa Bombay kwa mbao za msaji, urefu wake haufiki hata meta 10, na mwaka 1966 ilipita pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, Mombasa, Unguja, Dar es Salaam na Mtwara, ikielekea Uingereza. Tarehe 14 Juni 1968 Mwingereza Robin Knox-Johnston aliondoka nayo katika bandari ya Falmouth, peke yake, akaizunguka dunia bila kutia nanga bandarini, na tarehe 22 Aprili 1969 akarudi pale pale. Alikuwa na mtambo ulioongozwa na upepo, ulioshika njia yeye alipolala. Mtambo huo ukavunjika kabla hajafika New Zealand. Tangu hapo, kupita hata Rasi ya Horn, aliongoza kwa mkono wake. Na alipochoka, aliyapanga matanga yapatane, akaifunga kana kwa kamba, akaiacha mashua ijiongoze.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. "Matanga yapatane," akarudia. "Huyo alijifunza. Kesho tutaona kama yetu yanapatana."

Na kesho yake hayakupatana. Mashua ilishushwa majini asubuhi, magunia ya mchanga yakiwa badala ya mizigo. Kwanza mwenyewe alikosea upande, maana kana ikisukumwa kushoto chombo hugeuka kulia, na mkono uliozoea kafi hauamini upesi. Watoto wa ufukoni walimcheka bila adabu. Hilo lilikwisha baada ya nusu saa. Lakini upepo ulipozidi kidogo, mashua ikawa yataka daima kugeuza uso wake kuuelekea upepo, hata ikambidi aivute kana kwa mikono miwili. Sisi tungalisema usukani ni mbaya. Fundi hakuugusa. Aliamuru magunia mawili yasogezwe nyuma, foromali isogezwe mbele kwa mkono mmoja, na demani ilegezwe kidogo. Wakazunguka tena. Safari hii kana ilikaa karibu katikati, na mwenye mashua akaishika kwa vidole vitatu, akatuonyesha kutoka mbali kwa kuinua mkono wa pili hewani. Tanga lililokaa vibaya huupa usukani kazi isiyo yake. Tena usukani uliopindwa kupita kiasi haugeuzi chombo, hukisimamisha. Ndiyo maana fundi alifunga kamba mbili fupi za kuizuia kana isipite mpaka aliouweka.

Waliporudi ufukoni, mwenye mashua alilichukua lile kafi la zamani, lililotiwa mpini mpya, atake kulitupa penye kuni. Fundi akamzuia, akalilaza chini ya mbao za kukalia: upepo ukikosekana, usukani hauna kazi, kwa kuwa maji yasiyopita hayawezi kugeuza kitu, na hapo kafi ni mfalme tena. Kisha akaitisha keekee, akatoboa tundu moja katika ukingo wa nyuma wa usukani, juu kidogo ya maji. Tulimwuliza la nini. Akapitisha kamba, ncha moja upande wa kulia, nyingine upande wa kushoto, akazileta zote mbili mpaka mahali pa kukalia mwongozaji. Kana ikivunjika, mtu atavuta kamba.

Tukamwambia kwamba zaidi ya miaka elfu iliyopita, mtu wa Yerusalemu aitwaye al-Muqaddasi aliandika habari za vyombo vya Bahari ya Shamu, ambavyo mwongozaji wake alishika kamba mbili, akavuta ya kulia au ya kushoto kwa kufuata sauti ya nahodha aliyekuwa akiangalia miamba. Mzee alifikiri kidogo. Akauliza kamba zao zilikuwa za nini, katani au nazi, nasi hatukuwa na jibu. Akazikata zake kwa urefu ule ule, akazichoma ncha kwa moto zisifumuke, akamkabidhi mwenye mashua.

Waliondoka siku ya tatu kabla ya jua kuchomoza, ziwa likiwa limelala. Magunia ya Uvinza yalipangwa nyuma kidogo, kama alivyoagizwa. Mdogo wake hakuwapo. Alikuwa ametuma salamu kwamba atakuja safari ya pili, akiisha kuuona usukani huo kwa macho yake.